Maji ya Abiba

Abiba alipokuwa hai, nje ya mlango wake kule Chechelesi, mjini Isiolo, palikuwa na mtungi wa maji na kikombe cha bati. Watu waliofika kutoka Sericho, vumbi mpaka kwenye nyusi, walikunywa kwanza ndipo wakaulizwa habari za huko. Chini ya mtungi aliweka karai kuukuu, la punda. "Kwani yeye hakutoka mbali?" aliwauliza waliocheka. Kisha alisimama akampigia punda mluzi mwembamba, ule wa kumtuliza mnyama anywe bila haraka, mpaka karai likakauka.

Alipougua hakumwachia binti yake Qabale maneno mengi. "Siku yangu ikirudi kila mwaka, jua lisizame kabla mpita njia hajanywa kwa mkono wako. Mtu wa nyumba hahesabiwi."

Siku hiyo ya kufa kwake ilirudi mara ya kwanza Januari ya 1984, na Qabale alikuwa Chicago.

Alikuwa muuguzi, na shirika moja lilikuwa limempeleka Marekani kwa kozi fupi ya chanjo. Alifika usiku, akalala siku nzima iliyofuata kwa uchovu wa ndege. Mwenyeji wake alikuwa Kinya, binti wa muuza miraa kutoka Meru, aliyekaa naye dawati moja shuleni Isiolo na ambaye sasa alisoma chuo katika jiji hilo. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na Kinya alikuwa amepanga kumtembeza. Alimkuta jikoni akijaza chupa ya chai.

"Umetupikia chai?"

"Ni maji ya moto."

"Maji! Qabale wee, nje kote ni barafu na wewe unabeba maji? Hiyo ni kama kupelekea Wameru miraa."

Qabale akatoa kikombe cha bati mfukoni, akamweleza. Kinya aliacha kucheka. Alikijua kikombe kile. Alivua koti lake zito akamvisha mgeni, akafunga vifungo vyote mwenyewe kama anamvisha mtoto.

"Haya twende. Watu wamejaa huko nje. Hatukosi mmoja."

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Qabale alizoea mvua ya kwao, inayotanguliza upepo na ngurumo na harufu ya udongo. Hii ilikuwa imekuja kimya, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Magari, paa na matawi makavu vyote vilikuwa vimefunikwa shuka. Alitembea polepole, kila hatua ikilia chini yake kama chumvi, na ilimwia vigumu kuamini kwamba miguu ile ilikuwa yake.

Mbele ya jumba la makumbusho ya picha walikuta simba wawili wa shaba, wamegeuka kijani kwa uzee, theluji migongoni.

"Hawa wanalinda nini?" aliuliza Qabale.

"Picha."

"Picha tu? Ndiyo maana wamezeeka na njaa."

Hapo pa simba ndipo alipojaribu mara ya kwanza. Alimimina maji, mvuke ukapanda, akamnyooshea kikombe mzee aliyekuwa akipita na gazeti kwapani. "Salaam aleikum," alisema, akiwa amesahau yuko wapi. Mzee akainama, akanusa, akasema neno kwa Kiingereza cha huko, ambacho sikio la Qabale lilikuwa bado halijakizoea.

"Anauliza kama ni kahawa," Kinya akasema.

"Mwambie ni maji."

Mzee aligusa kofia yake kwa heshima, akaenda zake. Mwanamke wa koti la manyoya hakungoja hata kuulizwa, alivuka barabara.

"Huyo anadhani unauza," Kinya akasema. "Ama umetia dawa."

Wakapanda treni inayopita juu ya barabara, karibu na madirisha ya watu. Qabale aliona meza zilizoandaliwa, paka, mtu akichana nywele, vyote vikitokea na kupotea kama mambo ya ndotoni. Ndani ya behewa kila mtu alitazama viatu vyake. Kikombe kilipoa mkononi mwake bila mtu kukitaka.

Mchana walikwenda ziwani. Qabale alisimama ukingoni akasahau baridi. Kule kwenye njia ya Sericho, saa ya jua kali, ardhi hucheza mbali na mtu akaona maji yasiyokuwapo. Hapa maji yalikuwapo, nayo yalijifanya ardhi, nyeupe, tambarare mpaka mbinguni. Mbele yao, ufuoni, mwanamke alitembea peke yake amejifunika shali. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo, kama la Abiba, aliyebeba maji maisha yake yote.

Qabale akamfuata. Hakumwita, alimfuata tu, theluji ikimwingia viatuni, na kwa muda ule hapakuwa na Chicago wala ndege wala kaburi. Kisha mwanamke akageuka. Alikuwa bibi wa Kizungu mwenye pua nyekundu. Alitabasamu vizuri, akatazama kikombe, akatikisa kichwa, akaendelea na njia yake.

Kinya alifika akihema. "Lete basi ninywe mimi, tumalize hii maneno."

"Wewe hapana."

"Kwa nini? Kwa sababu mimi ni Mkristo?"

"Kwa sababu mama alikuhesabu mtu wa nyumba."

Kinya akageukia ziwa. "Baridi ya hapa inatoa watu machozi bure," alisema baadaye, akifuta uso kwa glavu.

Palibaki jumba refu jeusi, ambalo lifti yake ilipanda mpaka masikio yakaziba. Huko juu jiji lilikuwa dogo na kimya, moshi wake umesimama wima. Qabale alikuwa ametulia. Kwao jua halizami kabla ya saa kumi na mbili, kiangazi na masika, na hakuwa amewahi kuishi mahali linapofanya vingine. Alizunguka mpaka dirisha la magharibi, ndipo akaliona, kubwa, jekundu, limekaribia kabisa mapaa.

"Kinya! Saa ngapi?"

"Kumi na dakika chache."

"Na hilo jua linakwenda wapi?"

"Linalala. Wakati wa baridi huku ni saa kumi na nusu hivi limeisha."

"Na hukuniambia!"

"Wewe nawe ungeniuliza! Nani anauliza jua ratiba?"

Walipofika chini, Qabale alitoka mbio. Barabarani watu walikuwa wakirudi makwao, nyuso ndani ya skafu, na kila aliyemsimamisha alimpita. Ng'ambo ulikuwa mnara mdogo wa mawe ya manjano. "Huo ndio Mnara wa Maji," Kinya alisema nyuma yake, bado akijaribu kuwa mwenyeji. Miale ya mwisho ilikuwa imebaki kwenye ncha yake tu.

Kwanza ilimjia harufu. Jasho la mnyama, nyasi kavu, kinyesi kibichi: harufu ya kwanza aliyoitambua tangu ateremke kwenye ndege. Chini ya mnara alisimama farasi wa kijivu, amefungwa kwenye gari la kutembeza wageni, blanketi mgongoni. Ndoo yake ilikuwa imeganda juu.

Mwenye farasi akamwambia Kinya neno, naye akalileta: "Anasema tangu asubuhi amekataa maji. Barafu inamuumiza meno. Na wanatoka mbali, mwisho kabisa wa mji."

"Muombe ruhusa."

Mtu yule akainua mabega, akacheka, akakubali. Qabale akavunja barafu kwa kisigino, akaitoa vipande vipande kwa mikono mitupu, akamimina chupa karibu yote. Mvuke ukapanda. Farasi akashusha kichwa, akanusa, akasita.

Hakukusudia. Midomo ilijikunja yenyewe, ukatoka mluzi mwembamba, wa kumtuliza mnyama anywe bila haraka. Masikio ya farasi yakageuka. Akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, na Qabale akaendelea kupiga mluzi, shavu lake kwenye shingo yenye joto, mpaka ncha ya mnara ikapoteza rangi na taa za barabara zikawaka.

Akaitikisa chupa. Yalibaki maji ya kikombe kimoja. Akayamimina, akamnyooshea Kinya.

"Si mimi sihesabiwi?" Kinya akauliza.

"Wa nyumba hunywa mwisho. Kunywa, yatapoa."