Makaburi ya Mabua

Nakhungu alikuwa ndani ya mtaro hadi kiunoni, akikanyaga mabua ya mahindi yalale chini, nyapara Ngari alipomsimamia juu na kumwuliza anamzika nani.

"Nazika njaa," alisema, akaendelea kukanyaga.

Miaka saba mfululizo shamba hilo, lililoko sehemu iitwayo Kwanza, lilipandwa mahindi juu ya mahindi. Udongo ulichoka hata fuko wakahama. Anayebisha akawaulize fuko wenyewe. Mwaka huo, themanini na nane, magunzi yalitoka na punje chache kama meno ya ajuza. Lakini Mzee Nyongesa, mwenye shamba, hakubadili sharti: mpangaji apande mahindi tu, na baada ya mavuno mabua yote ni ya ng'ombe wake. Nakhungu, mpangaji wake, aliomba nusu ya shamba ipumzike. Akaambiwa anayetaka kupumzika akapumzike kwao Sirisia.

Huko Sirisia hakuwa na kwao. Wabwile, mumewe, alizikwa huko kando ya choo cha binamu, maana mpangaji hazikwi kwenye shamba la watu. Kila mtu anajua: palipo na kaburi lako, hapo pana shamba lako. Tangu mazishi hayo, Nakhungu akipalilia husikia jembe jingine likilima mbele yake.

Basi akaiba mabua. Wiki tatu alichimba mitaro sita, ayaozeshe humo, shamba lishibe kabla ya mvua. Kosa likawa urefu. Kila mtaro ulitoka sawasawa na mtu aliyelala.

Ngari akapeleka habari, na kesho yake Nyongesa akaja na naibu chifu na vijana wenye majembe.

"Nakhungu, umeniwekea maiti wangapi humu?"

"Ni mabua, mzee."

"Mabua yangu?"



"Ati mabua!" Naibu chifu akacheka. "Tangu lini mabua yanazikwa, bana? Fukueni."

Mtaro wa kwanza, mabua. Wa pili, mabua, yakifuka mvuke kama kitu kinachopumua. Vijana wakatupa majembe. Wa tatu hawakuugusa.

"Si mmeona? Hamna mtu," Nakhungu akasema.

"Leo hamna," Nyongesa akasema. "Kesho utamleta. Na kama si maiti, basi umeiba chakula cha ng'ombe. Chagua kesi unayotaka."

Nakhungu akahama jua halijatua.

Msimu uliofuata Nyongesa alipanda mwenyewe. Mahindi yakatoka mafupi, ya manjano, isipokuwa mahali panne: hapo yalisimama meusi kwa ukijani, marefu kuliko paa la nyumba. Vibarua wakavuna kote, hapo wakapazunguka. Ngari akatumwa sokoni kumtafuta Nakhungu.

"Njoo uvune watu wako. Utalipwa kibarua kama wengine."

"Na mahindi?"

"Ya mzee. Yanaenda Kitale. Kule nani anajua yameota wapi?"

Alikuwa hajala tangu jana. Akaenda, akavuna, akaburuta magunia peke yake hadi kwenye lori. Akaomba hindi moja la kuchoma.

"Utakula mtu, mama?" Ngari akamcheka.

"Hamna mtu. Ningejua, ningemleta mume wangu kweli."

Ngari akaacha kucheka. Akaita vijana, akawaongeza pesa, mitaro minne iliyobaki ikaanza kufukuliwa. Nakhungu hakuondoka. Alisimama kwenye ua mpaka wa mwisho ulipofunguliwa, akinyoosha shingo, kana kwamba hata yeye hakuwa na hakika.