Upande Mkavu wa Mpira

Mkate mkubwa kuliko yote ulikuwa na herufi ya Radke. Garth Pengelly aliugeuza mara mbili kuhakikisha. Mama yake alikuwa ameoka mikate ya nyama na viazi kule Kadina, akaituma mpaka kwenye chumba cha wachezaji hapo Adelaide, na kila mmoja akautoboa kwa uma herufi ya jina la atakayeula, kama walivyofanya bibi zake. Wa Garth, mwanawe wa kumzaa, aliyeichezea Australia kriketi miaka kumi, ulikuwa wa kawaida tu.

"Mama yako ananipenda," Tobin Radke, mrushaji kijana wa timu, akasema, mdomo umejaa.

"Anakuhurumia. Anasema umekonda kama fito."

"Aendelee kunihurumia, kaka."

Wenzao wakacheka, na Garth akacheka nao, lakini roho ilimuuma. Asubuhi hiyo Elspeth Hoy, mkuu wa wachaguzi, mama asiyezunguka kwa maneno, alikuwa amewaita wote wawili, yeye na Radke. Kwenye ziara ya Afrika Kusini ilibaki nafasi moja ya mrushaji wa kasi, na angeitoa jioni, mechi ikimalizika. Radke alikuwa na umri wa kusubiri ziara nyingine. Garth alikuwa na goti la kufungwa bandeji kila asubuhi. Akiikosa hii, amekwisha.

Na Radke alikuwa moto. Ilikuwa siku ya mwisho, Waingereza wanapiga kwa kujihami ili jioni iwakute bado wamesimama na mechi iishe sare, na kabla ya chakula cha mchana kijana alikuwa ameshawaondoa watatu. Mpira uliochakaa ulimtii. Upande mmoja ukiachwa mkavu na wenye mikwaruzo, na mwingine ukisuguliwa mpaka ung'ae, mpira huenda moja kwa moja kisha ghafla hupinda kuelekea vidole vya miguu ya mpigaji. Nani aliyemfundisha mchezo huo? Garth mwenyewe, mjinga wa watu, baridi yote iliyopita.

Tena ndiye aliyemtunzia mpira. Viganja vya Garth havitoi jasho, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yake. Wengine waliushika mpira kwa ncha za vidole tu, wakamrushia, naye akausugua kwenye paja na kumkabidhi mrushaji. Kila wiketi ya Radke, kila mpigaji aliyemtoa, ilipita mikononi mwake kwanza.

Waliporudi uwanjani, jua lilikuwa kali, na watu kwenye mteremko wa nyasi, wale wale waliokuwa wakiimba Pengelly misimu yote, wakaanza kuimba Radke. Waliimba kwa wimbo ule ule, jina tu ndilo walilobadilisha. Garth akaona wivu. Akafuta paji la uso kwa kidole gumba, na kidole kikiwa bado kimelowa akakipitisha kwenye upande mkavu wa mpira. Sheria haikatazi jasho. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Mpira uliporudi, akafanya tena.

Radke akakimbia, akarusha. Mpira ukaenda moja kwa moja kama mpira wa watoto, na Mwingereza akaupiga hadi kwenye uzio. Uliofuata nao vivyo hivyo. Radke akaviangalia vidole vyake. Garth akaona raha, raha ya kweli, na hakujionea haya hata kidogo.

Nahodha Quist hakuvumilia muda mrefu. "Tobin, pumzika. Mzee, njoo wewe."

Hapo ndipo Garth alipotambua upumbavu wake. Mpira ule ule aliouloweka ndio aliowekewa mkononi, na Elspeth Hoy yuko jukwaani anatazama. Akarusha kwa nguvu zake zote, goti likilia. Haukupinda. Mwingereza akaupiga nao hadi uzioni.

Sasa mpira ulipita kwa Radke, aliyesimama pale aliposimama Garth. Kijana akaugeuza, akaugusa kwa kucha, uso ukamshuka. Akamwendea Garth.

"Upande mkavu umelowa, kaka. Ni mimi huyu. Mikono yangu inavuja jasho, nimeushika vibaya."

"Nini tena?" Quist akauliza, akisogea.

"Nimelowesha mpira, nahodha. Samahani."

"Wewe mtoto una akili? Siku kama ya leo?"

Garth alikuwa katikati yao. Neno moja lingetosha. Alifungua mdomo, akasema, "Ukaushe basi, tuendelee."

Radke akaukausha. Alijifuta mikono kwenye nyasi, akaufunika mpira kwa kitambaa cha shati, akaupuliza, akasugua upande wa pili mpaka suruali ikawa nyekundu pajani, na kila alipoukabidhi alisema, "Bado kidogo, kaka. Unakuja." Ukaja kweli. Kivuli cha jukwaa kilipofika katikati ya uwanja, ulipinda, ukang'oa kijiti nyuma ya mpigaji, naye akatoka. Baadaye ukapinda tena. Mwingereza wa mwisho alipoangushwa, watu wa mteremkoni waliimba Pengelly, na wa kwanza kumrukia shingoni alikuwa Radke.

Elspeth Hoy aliteremka hadi mlangoni pa chumba. "Funga mizigo ya Afrika Kusini, Garth. Dogo ana kasi, lakini asiyejua kutunza mpira simpeleki popote. Nahodha ameniambia yote."

"Sawa, mama," Garth akasema.

Ndani, Radke alikuwa anavua viatu. Macho yalikuwa mekundu, lakini aliinuka na kumpa mkono. "Ni haki yako. Ukirudi unifundishe kutunza mpira, nisirudie ule upuuzi."

"Nitakufundisha."

"Kweli?"

"Nimesema nitakufundisha."

Radke akajilaza kwenye benchi, taulo usoni, na muda si mrefu akawa anakoroma katikati ya makelele ya wenzake. Garth alikaa kando yake na bia asiyoinywa. Nafasi alikuwa ameipata, na bado alimwonea wivu, hata kwa usingizi ule.