Alichokitaka Dada

Kila Jumanne asubuhi, kabla ya darasa la uandishi wa filamu kuanza, mmoja wa wanafunzi alibeba kiti kutoka safu ya nyuma na kukiweka mbele ya ubao, kikiwaelekea wenzake. Hicho kilikuwa kiti cha mhusika. Mwandishi alisimama kando yake, na darasa likamhoji mtu asiyeonekana: umekula nini leo, unamwogopa nani, unatafuta nini katika hadithi hii. Mwandishi alijibu kwa niaba yake. Ilipofika katikati ya muhula wahusika walianza kuja wenyewe, na vipindi vikawa vinakwisha mapema.

Wengi walifika na kasoro. Inspekta wa polisi aliyetungwa na kijana waliyemwita Tai, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai hata siku za joto, aliletwa akiwa amebebwa na watu wawili pamoja na meza yake, kwani Tai hakuwa amemwandika akisimama. Tajiri mmoja katili hakuwa na kisogo. Alipogeuka, mahali pa kichwa palionekana ubao na maandishi ya wiki iliyopita.

"Huyu umemtazama upande mmoja tu," mwalimu alimwambia mwandishi wake. "Rudi naye ukammalizie."

Mwanafunzi mmoja hakuwa amejaliwa kupata hata mhusika mwenye kasoro. Kiti chake kilikaa kitupu majuma mawili. Muswada wake ulihusu msichana anayechukuliwa na jamaa zake kwa ahadi ya kusomeshwa, kisha akageuzwa mtumishi. Aliamini kwa moyo wote kwamba filamu moja ya kweli inaweza kumwonyesha mtu uovu wake hadi akauacha.

"Mada unayo," mwalimu alimwambia. "Mtu huna. Huyu msichana ni nani?"

"Ni wasichana wote walio katika hali hiyo."

"Wote hawaenei kwenye kiti kimoja. Mtafute mmoja unayemjua. Chukua mwendo wake, chukua kicheko chake. Halafu mpe kitu anachokitaka kuliko vyote. Mhusika asiyetaka kitu ni samani."

Mwanafunzi hakuhitaji kwenda mbali. Nyumbani kwao aliishi binti wa mama yake mkubwa, aliyeletwa akiwa amemaliza sekondari, ili mambo yakitulia apelekwe chuo cha uuguzi. Mambo yalitulia mara kadhaa bila mtu kutambua. Mwanafunzi alimwita Dada, kwa kuwa alimzidi umri, na wageni walilielewa neno hilo kama wanavyolielewa likija na sinia la chai. Dada aliamka wa kwanza na kulala katika chumba cha kupigia pasi. Alikuwa na mazoea ya kumshika mtu kifundo cha mkono anapomkabidhi kikombe, akasikiliza mapigo ya damu, kisha akasema, "Uko sawa," au, "Leo hukulala."

Mwanafunzi alianza na kicheko, kilichokuwa kikianza kama kwikwi. Alikiandika katika tukio la kwanza. Asubuhi iliyofuata Baba alisimulia kisa chake cha kiatu kilichoachwa hotelini, ambacho kilikuwa kikimchekesha Dada kila alipokisikia. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Inachekesha, baba mdogo," alisema, akakusanya sahani.

"Siku hizi utani wangu unapokelewa kama taarifa ya habari," Baba alisema.

Baada ya kicheko mwanafunzi aliandika mwendo. Tangu hapo nyayo za Dada hazikusikika tena ndani ya nyumba. Watu walifungua mlango wakamkuta amesimama nyuma yake na kikapu cha nguo. Mama alimwagiza awe anakohoa kabla ya kuingia chumbani, naye akawa anakohoa.

Jumanne ile kiti hakikukaa kitupu. Aliyekuja alikuwa na uso wa Dada, lakini ulionawiri zaidi. Alitembea kwa mwendo wake hadi mbele, akaketi, akacheka pale Tai alipomkaribisha kwa niaba ya jeshi la polisi. Walipomuuliza anataka nini, alimgeukia mwandishi wake.

"Sijaambiwa," alisema.

Jioni hiyo mwanafunzi alimfuata Dada jikoni na kompyuta yake, akaiweka mezani kati ya vitunguu na vikombe.

"Dada, bado unakitaka kile chuo?"

Dada aliufunga mfereji. Alisema kwamba mama yake alipojifungua mtoto wa mwisho hapakuwa na mtu chumbani ila yeye, akiwa na miaka tisa, na kwamba alikuwa ameshika taa wala hakujua kitu kingine cha kushika. Mtoto hakulia. Tangu siku ile alitaka kuwa yule mtu anayeingia na kujua la kufanya. Alitaka hivyo akipiga pasi, akimenya vitunguu, hata usingizini.

"Mama mdogo nimemwambia kila mwaka," alisema. "Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia. Ngoja kwanza nimalize tukio hili."

Akaandika yote, neno kwa neno. Alipoweka nukta ya mwisho, Dada alitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwake, kisha akaufungua tena mfereji.

Mhusika aliyefika Jumanne iliyofuata alikuwa mzima. Alieleza habari za taa na za mtoto asiyelia, na darasa zima likainamisha vichwa. Alimshika mwalimu kifundo cha mkono na kumwambia kwamba moyo wake unaruka pigo, akamwone daktari.

"Wangu amelia hadi meza imelowa," Tai alisema, akimpangusa inspekta.

Mwalimu alitangaza kwamba muswada huo ndio utakaotengenezwa kuwa filamu ya chuo mwaka ule. Kipindi kilipokwisha, mhusika alimfuata mwandishi wake nyumbani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Mama alimwekea sahani. Alimkalisha mezani sebuleni, mahali ambapo Dada hakuwahi kuketi, akamtaka asimulie. Mhusika alisimulia. Mama alilia hadi akavua miwani.

"Na nani hasa wanaokufanyia hivyo, mwanangu?" Baba aliuliza.

"Ndugu zangu mwenyewe."

"Watu wengine hawana haya," Mama alisema. Mlangoni palisikika kikohozi. "Ingia, utuongezee maji."

Mama hakuwa mtu wa kusema tu. Alikuwa na rafiki katika ofisi ya chuo cha uuguzi, na kabla juma halijaisha mhusika alikuwa amepata nafasi, sare na kitanda bwenini.

"Mama, hiyo ni nafasi ya Dada," mwanafunzi alisema.

Mama aliona kwamba hoja hiyo ni ya haki, akamwita Dada.

"Unataka kwenda chuo?"

"Chuo gani, mama mdogo?"

"Cha uuguzi. Si ulikuwa ukinisumbua nacho?"

Dada alifikiri. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akitafuta kwa bidii ili asimvunje mtu moyo. "Sikumbuki kutaka," alisema. "Nikaanike nguo?"

"Kaanike," Mama alisema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeona mwenyewe. Hakuna aliyemzuia."

Mwanafunzi alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu alimsikiliza bila kushangaa. Alikuwa amefundisha miaka mingi.

"Kumrudishia ni rahisi," alisema. "Futa lile tukio la taa, lote. Mhusika ataondoka na mwenyewe atakitaka chuo tena. Ila huna filamu."

"Na akikitaka tena, atapelekwa chuo?"

"Hilo usiniulize mimi. Nyumba ni yenu."

Usiku ule hakufuta, wala usiku uliofuata. Aliwafikiria wasichana wote ambao filamu ingewafikia, katika nyumba zote zenye vyumba vya kupigia pasi, na mama wote ambao wangevua miwani. Mhusika aliketi kitandani, akimtazama mwandishi wake akitazama ukurasa.

"Kama ni kumwonea huruma, futa," mhusika alisema. "Mimi sitakushika mkono. Lakini nafasi yangu hawatampa yeye, na wewe unajua."

"Nitafuta filamu ikishaonyeshwa."

"Sawa," mhusika alisema, akaanza kukunja sare zake.

Siku ya kuripoti chuoni Mama alimpigia simu mama mkubwa, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Ile ahadi yetu leo imetimia," alisema. "Ongea naye mwenyewe."

"Mama, ni mimi," mhusika alisema, na furaha ikamfanya acheke.

Upande wa pili mama mkubwa akaangua kilio. Alisema kicheko hicho angekijua hata kaburini. Aliuliza kama mwanawe anakula vizuri, kama ana viatu vya kusimamia siku nzima, kama bado anaikumbuka ile taa. Mhusika alijibu kila swali, na majibu yake yote yalikuwa sahihi.

Dada alikuwa amepiga goti karibu na mlango, akifunga zipu ya sanduku la msafiri.

"Nani huyo anayelia?" aliuliza.

"Ni mama yako," mwanafunzi alisema.

Dada alisikiliza kidogo, kwa adabu, kama anavyosikiliza mtu habari za familia ya jirani.

"Mpeni pole," alisema, akalibeba sanduku kulipeleka garini.