Mama Yuko Ukutani

"Mbovu! Nimesema mbovu, itupe!"

"Si mbovu, bosi! Inafanya kazi kuliko wewe!"

Hiyo ya mwisho ilimuuma bosi, akamkazia mpimaji macho tu. Halafu kwenye chumba cha kupimia sensa kelele haziruhusiwi, meza isije ikatikisika. Sensa yenyewe, kifaa cha kuhisi mwendo, ni ndogo kama punje ya mchele. Ndani ina vibati viwili vinavyotazamana bila kugusana, kama mtu na mama mkwe wake. Ukiisogeza, nafasi kati yavyo inabadilika, na kompyuta inajua imeenda wapi na imeongeza mwendo kiasi gani.

Hii ilikuwa imelala tuli mezani tangu saa mbili, na kompyuta inachora: mbili kushoto, moja nyuma, kiuno kidogo. Mbili kushoto, moja nyuma.

Mpimaji alizitambua hatua hizo. Za mama yake. Mama alifanya kazi hapahapa, chumba cha pili, mpaka mashine ya kukandamiza bati ilipomshukia miguuni. Faili lake linasema, "Alisogea mwenyewe," yaani kosa ni lake. Miaka sita yuko kwenye kiti cha magurudumu, na miaka sita mwanawe anaomba mstari huo ufutwe.

Akampigia dada yake.

"Mama anafanya nini?"

"Anacheza. Sebule imekuwa ndogo, kapanda ukutani."

"Avue viatu basi, rangi bado mbichi!"

"Kashavua. Anakuulizia. Mimi nimechoka mwenzio, na huyu hachoki!"

Bosi akaitazama kompyuta, akakuna kidevu. "Anacheza vizuri," akakubali.

"Sasa futa ule mstari. Sensa ya kuisimamisha ile mashine ilikuwa imekufa wiki nzima, na unajua."

"Mtu anapanda mpaka ukutani, niandike hakusogea mwenyewe?"

Akaandika daftarini: mbovu. Akaitupa kwenye kopo la mbovu.

Kopo likaanza. Sensa zote mle ndani, mbili kushoto, moja nyuma. Bosi akachukua faili la mama, akalifunikia kopo litulie. Faili nalo likakata kiuno.

Mpimaji akavua koti la kazi, akalitundika.

"We, unaenda wapi? Saa nne hii!"

"Mama hana wa kucheza naye, bosi."

"Haya, msalimie. Na huo mlango taratibu, meza isitikisike."

Akatoka, mbili kushoto, moja nyuma, ikambidi aanze upya pale kizingitini. Kisha akaufunga mlango, taratibu kabisa.