Boti ya Mahari

Mimi ndiye shangazi wa bibi harusi, na siku wakwe walipokuja nyumbani kwetu Karuba nilikuwa nimeshakata shauri kuwakatalia. Katika ukoo wetu mahari haipokelewi mpaka shangazi wa upande wa baba aseme neno lake. Kaka yangu Sebarenzi anaweza kukohoa, kucheka, kunywa pombe ya wageni na kupeana nao mikono, lakini nikinyamaza mimi, binti haondoki. Basi nilipanga kunyamaza.

Sababu sikumwambia mtu, ila hapa naisema wazi. Wakati ule bunduki ziliposhuka kutoka mlimani, kaka yangu alikimbia na mke wake, ng'ombe wake, godoro lake na redio yake. Mimi mguu wangu wa kushoto haukunjiki, na nilikuwa jikoni nikipuliza moto. Walikuwa wamekaribia Sake ndipo Claudette, binti yao, alipouliza shangazi yuko wapi. Akarudi peke yake, anapanda watu wote wakiteremka, akaja kunichukua. Ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, redio haijulikani ilikokwenda, mimi nipo. Sasa Claudette akiolewa Walikale, siku tukikimbia tena nani atarudi? Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Habari ya ng'ombe wa mahari ilikuwa ya kaka.

Bwana harusi jina lake Patient. Alikuja na baba yake mdogo, Papa Nestor, mwindaji wa Walikale, aliyevaa koti la suti juu na buti za mpira chini. Tulitega masikio tumsikie ng'ombe barabarani. Tukasikia pikipiki inahema. Nyuma yake lilifungwa pipa jeupe, nene kuliko mwenye pikipiki, na wakalibeba hadi sebuleni, wakaliweka katikati ya zulia pale ambapo mke wa kaka, Joséphine-Marie, alikuwa ametenga mahali pa soda.

Papa Nestor alisimama akasafisha koo.

"Papa Sebarenzi," akasema, "ng'ombe yenu njo hii."

Kaka alilitazama pipa, kisha akautazama mlango, kana kwamba ng'ombe mwenyewe amechelewa tu kuingia.

Patient akaeleza. Alikuwa amefanya kazi Mombasa, kwa kampuni iliyokuwa ikipeleka wazungu baharini kwa mashua za matanga, mbali mpaka nchi kavu isionekane tena. Yeye kazi yake ilikuwa vyombo vya kuokolea watu: makoti ya kuelea, mikanda, mioto ya kuitia msaada. Kampuni ilipofungwa, mkubwa wao aliwaambia kila mfanyakazi achukue kitu kimoja. Wengine walichukua friji. Patient akachukua pipa, akalipandisha basi na lori mpaka Goma, na katika kila kizuizi cha barabarani askari walilizunguka kwa mbali na kumwambia apite upesi. Mimi niliyekuwa kwenye kigoda changu pembeni, kati ya kabati na ukuta, nilimwona mgonjwa. Mtu mwenye akili huchukua friji.

"Ndani kuko boti ya mupira," akasema. "Mashua ikizama, hii njo inakuokoa."

"Mashua gani?" kaka akauliza. "Hapa Karuba?"

"Papa, ng'ombe banaibaka," Nestor akadakia. "Hii nani ataiba? Akiiba, ataikula na nini?"

Lazima nikiri kwamba neno hilo lilikuwa na uzito. Kaka alikuna kidevu. Ila yeye ni mtu wa mifugo, hawezi kupokea kitu bila kukikagua, na njia ya kukagua anaijua moja tu. Akainuka, akalizunguka pipa polepole. Akalipiga ubavuni kwa kiganja na kusikiliza. Akainama kutafuta meno. Halafu, kama afanyavyo kwa kila ng'ombe wa mahari, akaenda nyuma kutafuta mkia, na kwa bahati mbaya mkia ulikuwepo. Ilikuwa kamba nyeupe iliyochungulia kwenye tundu.

"Papa, usivute ile!" Patient akapiga kelele.

Hapo ndipo alipoharibu. Kaka yangu haambiwi usivute ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akavuta. Kamba ikatoka, ikaendelea kutoka, ikajaa sakafuni ikimzunguka miguu, na kadiri ilivyotoka ndivyo naye alivyovuta kwa hasira, akitaka kujua mnyama gani mwenye mkia wa namna hiyo. Ikakwama. Akaikaza kwa mikono miwili akaipa mshtuo mmoja wa nguvu.

Pipa likapasuka katikati. Kikatoka kitu cheusi na cha rangi ya machungwa, kinapiga mluzi, kinafura, kinasukuma. Kilisukuma soda, viti, picha ya ubatizo ya Claudette. Kilijisimamishia hema lake chenyewe mpaka darini, kikabana mlango wa mbele kwa mgongo na wa nyuma kwa ubavu. Wote wakarudi nyuma hadi wakaishiwa pa kurudi, na palipobaki na nafasi katika sebule nzima ni ndani ya boti peke yake. Basi wakaingia, Claudette nyuma ya Patient. Nilimsikia Papa Nestor anaingia kwa kusali.

Mimi sikuingia. Boti ilinikuta kwenye kigoda, ikanigandamiza ukutani, mpira hadi kifuani. Kupumua nilipumua vizuri. Nilifungua mdomo nipige yowe, nikaufunga. Roho ya ubishi ilinipanda. Nikasema, leo nitajua. Nikae kimya nione nani ataniuliza.

Mluzi ukanyamaza, nikawa nasikia kila neno. Patient aliwaambia wasiogope, majirani watasikia na kuja kuvunja mlango wa nyuma. Wakati wanangoja, Joséphine-Marie aliuona mfuko uliofungwa ndani ya boti, akauliza ni wa nini.

"Ni mufuko ya kukimbia nayo, Mama. Vitu bya lazima."

Hapo shemeji yangu akapata kazi. Mwanamke huyu amefunga fungu la kukimbilia mara nyingi kuliko alivyofunga vikapu vya sokoni. Fungu lake hukaa nyuma ya mlango, na anaweza kulibeba gizani bila kulitafuta. Nikamsikia akiufungua mfuko wa wazungu kama hakimu.

"Chumvi iko wapi?"

"Baharini chumvi iko mingi, Mama."

"Sufuria?"

"Hakuna."

"Hakuna! Na hizi dawa?"

"Za kuzuia kutapika."

"Nani anatapikaka wakati ya kukimbia? Labda ule mwenye alipata kula." Akaendelea kupekua. "Na hizi fimbo nyekundu?"

"Moto. Unawasha, inawaka nyekundu sana, batu ba mbali banaona fasi uko."

Kisha Joséphine-Marie akasema taratibu, kama anayezungumza na mwenye homa: "Patient, mutoto wangu. Unakimbia, halafu unawasha moto bakuone?"

"Njo, Mama."

"Na hii filimbi, unapiga bakusikie?"

"Njo."

"Na kioo?"

"Ya kuita ndege."

"Huku ndege tunaikimbia!" kaka akasema kwa ukali.

"Na juu ya nini wameipaka rangi ya machungwa?" shemeji akauliza. "Hata kipofu ataiona kutoka Nyabiondo."

"Baharini, Mama, mutu akipotea anataka kuonekana."

"Sisi huku tukionekana, njo tunapotea."

Wote walicheka, naye Patient akacheka nao, na sauti zao zilikuwa zimeshakuwa sauti za wakwe. Nilisikia Nestor akieleza jinsi wao kule msituni wanavyoficha watoto na mbuzi, shemeji akieleza yake, na kaka akisema kwamba ukitia sufuria na chumvi hii boti si mbaya, inaweza kukaa zizini, zizi lenyewe liko tupu. Walikuwa wanakubaliana. Hakuna aliyesema jina langu. Kifua kiliniuma, na si kwa ajili ya mpira. Mimi kule nyuma ya hema nilikuwa nataka mioto, filimbi na kioo, vyote kwa pamoja.

"Sasa nikate hii kamba," kaka akasema. "Imenifunga miguu kama mbuzi."

"Ngoja, Papa!" Patient akasema. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazini. "Kuko sheria ya baharini. Mbele ya kukata kamba ya mashua, tunahesabu batu kwanza."

"Hesabu basi."

"Papa Sebarenzi, moja. Mama, mbili. Papa Nestor, tatu. Claudette, ine. Miye, tano." Akahesabu tena chini chini. "Boti iko ya batu sita. Na sebuleni tulikuwa sita. Tunapunguka mumoja."

"Njo sisi wote," kaka akasema. "Ile fasi ya sita iko ya ng'ombe. Siku utaleta, tutamukalisha hapo!"

Nestor alicheka mpaka boti ikatikisika. Halafu nikasikia kicheko kingine, chembamba, ninachokijua tangu kilipokuwa hakina meno.

"Patient, kaa," Claudette akasema. "Tuko wote."

Sitaki kulipamba neno hilo. Liliniingia likakaa. Mtoto aliyepanda mlima peke yake kunifuata alikuwa amekaa kwa furaha kando ya mwanaume wake, na mimi nilikuwa nimemtoka kichwani. Sikumkasirikia. Nilitamani kumkasirikia nikashindwa, kwa maana nami niliwahi kukaa hivyo na marehemu mume wangu, na siku ile ungeniuliza jina la mama yangu ningelitafuta.

"Hapana," Patient akasema. "Tulikuwa sita."

Akapiga filimbi. Ndani ya nyumba ile ndogo ilikata masikio. Akanyamaza, akapiga tena.

"Unaita nani?" Nestor akauliza.

"Siiti. Nasikiliza kama kuko mwenye anajibu."

Nilijua maana ya kutojibu. Nikikaa kimya mpaka jioni, mahari haina shangazi, na Claudette anabaki nyumbani. Anabaki, anapika, anazeeka akinitazama, na siku ya kukimbia atanishika mkono. Hayo yote nilikuwa nimeyapata kwa kunyamaza tu. Lakini ile filimbi ilikuwa inalia kwa ajili yangu, nikaupiga ule mpira ngumi.

"Kuko mutu!" Patient akapaza sauti.

"Shangazi!" Claudette akaita.

Patient alifungua tundu la nyuma la hema, akanirushia pete ya mpira iliyofungwa kamba. Ilinigonga puani. Alisema niishike, na ingawa angeweza kunyoosha mkono tu akanifikia, alikataa, akisema sheria ni pete kwanza. Nikaishika. Akanivuta. Nilipita juu ya ule mpira kichwa mbele, kitenge kikining'inia nyuma, nikaangukia mapajani mwa Papa Nestor, ambaye alinisalimia kwa heshima zote kama vile ndiyo njia ya kawaida ya mashangazi wa Karuba kuingia.

"Ah, dada," kaka akasema. "Kumbe ulikuwa wapi?"

"Kwenye fasi ya ng'ombe," nikamwambia.

Kaka aliitazama ile kamba miguuni mwake. Claudette alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanapita kati ya vidole. Nikajifunga kitenge changu vizuri, nikakaa sawa, kwa sababu neno la shangazi halisemwi mtu akiwa amelala.

"Mumupe huyu kijana mutoto," nikasema.

"Na ng'ombe?" kaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe haijarudiaka kunitafuta hata siku moja. Na wewe pia."

Nilisema hivyo mbele ya wakwe, na sijutii. Claudette alinijia kwa magoti, boti ikiyumba, akaniambia shangazi unisamehe, nilikusahau. Nilimwambia si kitu, msichana anayeolewa ana ruhusa ya kusahau kidogo. Nilisema hivyo kwa mdomo tu. Moyoni niliumia, na bado naumia, lakini nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote kwa kuwa huyo ndiye mtoto wangu na alikuwa anaondoka.

Nje majirani walikuwa wameanza kuupiga mlango wa nyuma kwa shoka. Kaka alichukua kisu butu alichokikuta kwenye mfuko ili akate kamba, na Patient akamshika mkono. Hesabu ilikuwa imebadilika, akasema, kwa hiyo inaanza upya. Akaanza tena na kaka, anamgusa kila mmoja begani, na mimi nikasogea mbele kidogo asije akaniruka.