Mtani Hafai Kuwa Shahidi

Bibi yangu Helena alipoitwa mezani kwenye ofisi ya vitambulisho pale Lindi, mimi nilikuwa nimeshakasirika. Mtu amelima korosho Mtama maisha yake yote, leo anaulizwa kama ni Mtanzania!

Afisa Deo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, alikuwa na adabu, lazima nikiri. Alimwamkia kwanza. "Bibi, uliingia nchini lini?"

"Sikuingia. Mimi nilikuwa nimekaa, nchi ndiyo iliyoingia. Alikuwepo Mwingereza, akaondoka, mkaja ninyi."

Deo akaeleza kwamba aliyezaliwa kabla ya Uhuru lazima awe amezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja vilevile. Je, nani anajua mama yake alizaliwa wapi? Asipopatikana shahidi, bibi angeandikwa mgeni.

Shahidi tulikuwa naye, Bibi Kijakazi, jirani yetu. Bahati mbaya ni mtani wetu. Babu alipofariki, alilala mbele ya jeneza akidai soda.

"Huyu ni Mreno," akasema. "Mama yake alivuka Ruvuma kapanda kiboko, na nauli hakulipa."

Deo akaandika.

"Kaka, futa. Huo ni utani," nikasema.

"Ameshatoa ushahidi, dada."

Bibi Helena akasahau uraia, akamgeukia mtani wake. "Mama yangu hakupanda kiboko."

"Angepandia wapi? Mama yako kazaliwa gulioni Mtama, bibi yako anapatana bei ya muhogo, kakataa kulala chini mpaka apunguziwe! Mtama nzima wanacheka mpaka leo."

Deo akafuta kiboko, akaandika gulio. Nilitamani kumkumbatia.

"Na wewe, bibi, kitambulisho unacho?"

"Nasubiri zamu yangu." Sauti ya Bibi Kijakazi ikapungua. "Mama alitoka Ngazija, kule Komoro. Baba alikufa sijazaliwa, na alikozaliwa sikuambiwa."

Deo akamtazama bibi yangu. "Wewe unajua?"

Nikafumba macho. Mtani gani angeiacha nafasi ile?

"Alizaliwa Mtama," akasema Bibi Helena, uso mkavu. "Nyumba ya pili kutoka kwetu. Andika."

Tulipotoka nje, Bibi Kijakazi akamshika mkono. "Helena, kweli baba alizaliwa Mtama?"

"Nitajuaje? Lakini wakikufukuza, nitamtania nani?"