Zamu Yangu

Nilimwacha binti yangu akiwa na wiki tano, nikaenda kulazwa wodi ya kifua. Sikumwacha kwa kupenda, na anayetaka kunihukumu aanze kwanza kukohoa damu. Baba yake alikuwa ameshatukimbia, shangazi yangu alikuwa akimuuguza mumewe, kwa hiyo mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto. Nilitibiwa, nikapona, ugonjwa ukarudi, nikaanza upya. Siku niliyoruhusiwa kumchukua alikuwa ametimiza miaka mitatu.

Nyumba ile ilikuwa safi mno. Watoto ishirini na wawili walikaa ukumbini, na bado nilisikia saa ya ukutani ikitembea. Hakuna aliyelia, hakuna aliyegombea mdoli. Walezi wote walivaa aproni za aina moja: kijani, mifuko miwili, ukingo mweupe, fundo mgongoni. Mimi ni fundi wa sare za shule. Nguo nikiitazama mara moja, kichwani nimeshaikata. Mlezi mkuu alimsogeza binti yangu mbele, naye akanipa mkono bila kunitazama usoni.

"Huyu hana usumbufu kabisa," mlezi mkuu akasema. "Utafurahi mwenyewe."

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu alikanyaga sindano iliyoanguka chini ya cherehani, ikazama nusu. Hakulia. Alikaa chini, akauinua mguu, akaitazama ile sindano na kusubiri, hata hakugeuka kuangalia kama kuna mtu chumbani. Mchana nikimlaza, aligongesha kichwa ukutani taratibu, kwa mpigo ule ule, macho yakiwa wazi. Nikiweka mkono wangu katikati aliacha. Nikiuondoa, alianza tena.

Shangazi alipokuja kututembelea alipiga makofi kwa furaha.

"Mtoto mtulivu hivi! Wangu mimi walinitoa roho."

"Shangazi, mtulivu ni mmoja, aliyekata tamaa ni mwingine."

"Haya, ushaanza maneno yako."

Nilianza, ndiyo, maana nilikuwa na hasira na sikujua pa kuipeleka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto wangu akiumia, anitafute mimi.

Ndipo nikapata ule ujanja wangu wa kifundi. Nilikuwa na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare. Jumapili nzima nilishona aproni kama zile, mifuko miwili, ukingo mweupe, kila kitu. Jumatatu asubuhi nikaivaa, nikatokea mlangoni. Alinijia mbio! Akanikumbatia miguu, akaweka shavu lake kwenye mfuko wa kulia. Nilimnyanyua, nikacheka, nikalia, nikajisifu peke yangu kama mtu aliyeshinda mashindano.

Siku tatu nilikuwa mama. Alhamisi nilitundika aproni kwenye msumari, nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya msumari, mikono juu, akisubiri kubebwa na nguo. Nilimwita. Hakugeuka. Upepo wa dirishani uliusogeza upindo kidogo, naye akausogelea kwa hatua moja, akatabasamu.

Kesho yake shangazi alikuja tena, nikamvisha ile aproni, nione. Alimlisha mtoto sahani nzima, akambeba mpaka akasinzia begani. Shangazi alinong'ona, "Mbona ananipenda hivi?"

Niliendelea kuivaa hivyo hivyo, kwa wivu, kwa sababu bila aproni sikupewa hata shavu. Halafu ikaja Jumatatu.

Nilipoamka alikuwa ameshasimama mlangoni. Blanketi alikuwa amelikunja vizuri, kikombe chake akakiweka juu. Nilimwendea nikiwa nimevaa aproni, fundo nimelifunga sawasawa. Alinitazama kiunoni, akageuza uso. Chai hakunywa. Nilimwondoa, akarudi mlangoni, akanyoosha tena ncha za blanketi. Mtoto wa miaka mitatu hajui siku za juma. Huyu alijua.

Nilimpigia simu mlezi mkuu. Alicheka.

"Ah, hiyo zamu tu, mama. Kila Jumatatu tunabadilishana vyumba. Mtoto akimzoea mlezi mmoja, siku mlezi akiondoka atalia mpaka augue. Kwa hiyo hatuwaachi wazoee."

"Na wakilia?"

"Wachanga ndio hulia. Ukiwaacha wiki mbili hivi, wanaacha wenyewe."

Nilikata simu. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilitoka miguu mitupu. Nilimkuta nyumba ya nne, ameshika mkono wa msoma mita za maji, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona. Blanketi liko kwapani, kikombe mkononi, na hatua zake amezilinganisha na za yule bwana.

"Mama, huyu wako?" akaniuliza, jasho likimtoka. "Kaja tu kanishika. Nimemwambia arudi, hata haangalii nyuma."

Nilimbeba nikarudi naye ndani. Hakukataa kubebwa. Nilifunga mlango, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika uso kwa mikono miwili.

"Mimi ni mama yako. Mimi sina zamu, unasikia? Siondoki."

Alisubiri nimalize, kwa adabu.

"Mwingine anakuja lini?" akauliza.

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya marehemu mama yangu.

"Hakuna mwingine," nikasema. "Ni mimi tu. Kesho mimi, keshokutwa mimi, siku zote."

Ndipo akainua macho akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimzae. Aliangalia paji la uso, pua, mdomo, akaangalia ule mlango uliofungwa, akarudi kwangu. Kitu kilianza kutikisika ndani ya yale macho, na mimi nikangoja kwa moyo wangu wote kukiona. Kilikuwa hofu.